Habari ya Kifua

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba nimeajiriwa nayo, na mtu mwenye adabu hamtangazi mwajiri wake ovyo. Inatosha kusema kwamba ina vilima vingi na viongozi wazito, na mambo hayo mawili yalipokutana ndipo yalipotokea haya ninayosimulia.

Mimi ni mwandishi wa jarida la Wizara ya Afya na Fahari ya Taifa. Naandika kila jambo jema linalofanywa na Wizara, na kazi hiyo huniachia muda mwingi wa kupumzika. Nimepanga chumba kwa Bi Shani, mjane aliyekuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, katika mtaa wa Bondeni, chini kabisa ya Kilima cha Mwavuli. Juu kabisa ya kilima hicho anakaa dada yake wa tumbo moja, Bi Mwaka. Zamani, kila Ijumaa, Bi Shani alifunga bakuli la samaki wa kupaka kwenye kitambaa, akapanda kwenda kula na dada yake. Halafu akaacha kwenda.

Bi Mwaka ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa huendewa, hashuki kumfuata mdogo. Kwa hiyo alikaa juu akisubiri, na aliposubiri sana akanuna. Kila aliyeshuka kutoka kule alileta salamu: "Dada yako anauliza, hujambo?" Bi Shani akajibu, "Mwambie sijambo, namsalimia." Salamu zilipanda na kushuka hivyo kwa muda mrefu, na kila zilipofika, mmoja aliumia zaidi. Kama hujambo, mbona huji?

Ukweli ni kwamba Bi Shani alikuwa na kifua. Akitembea kwenye tambarare yuko sawa. Akianza kupanda, kifua kinabana, mkono wa kushoto unakuwa mzito, pumzi inakata. Akisimama, kinaachia. Wataalamu wanasema mishipa ya moyo imeziba kiasi, na maradhi haya, kwa kuwa hayana vurugu na huja pale pale unapoyategemea, huitwa tulivu.

Waziri wetu alipoelezwa hilo alifurahi sana. "Ndugu zangu," alisema redioni, "katika nchi za jirani hata watu hawatulii. Hapa kwetu mpaka maradhi yametulia!"

*

Waziri wetu ni Mheshimiwa Mhandisi Lugano Bakuza, Daktari wa Heshima. Ni mtu wa watu. Akiwa ziarani hupenda kushuka kwenye gari, kutembea, na kusimama kila hatua chache kuwasalimia wananchi, kuwauliza habari za wajukuu, za mbuzi, za mvua. Jambo la ajabu ambalo nimeliona mimi mwenyewe ni kwamba anawapenda zaidi wananchi wa vilimani. Kwenye tambarare huwapita tu kwa kupunga mkono, lakini barabara ikianza kupanda, mapenzi yanamjia ghafla, mara nyingine hata jasho linamtoka.

Siku moja alikuja ofisini kwake Daktari Ningile, bingwa wa moyo katika hospitali yetu kuu, mwanamke mwembamba asiyejua kubembeleza. Alitaka kufanya utafiti. Alisema kuna vidonge vya maradhi haya, na kuna njia ya kupitisha waya mwembamba mkononi hadi kwenye moyo na kuuzibua mshipa. Swali lake lilikuwa moja: je, kuzibua kunampa mgonjwa nafuu kweli, au mgonjwa hupata nafuu kwa kuwa ameamini amezibuliwa?

"Wagonjwa wote wataendelea na vidonge vyao," alieleza. "Nusu tutawazibua. Nusu nyingine tutawalaza kitandani, tutawapa dawa ya kuwatuliza, tutawachanja kidogo mkononi, basi. Hatutagusa mshipa. Wameelezwa yote haya na wamekubali. Ila hakuna atakayejua yuko kundi gani mpaka mwisho."

Waziri aliweka kikombe chini. "Subiri, daktari. Unasema mgonjwa anaingia, taa zinawashwa, watu wanavaa mavazi rasmi, kila mtu anakuwa na shughuli, halafu hakuna kinachofanyika?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na akitoka anashukuru?"

"Mara nyingi."

"Daktari," Waziri akasema, "kwa nini hukuja mapema? Hili ni jambo ambalo Serikali ina uzoefu nalo mkubwa sana."

Aliuliza tu wagonjwa watagawanywaje. Daktari akasema kwa kura. Waziri akaomba aletewe matokeo ya kura siku moja kabla ili yaandaliwe vizuri. Daktari akasema haiwezekani, ni kura ya bahati. Mheshimiwa alicheka kwa muda mrefu, akidhani ni utani.

*

Utafiti ulizinduliwa kwa ngoma. Kulikuwa na mashine ya kutembelea, yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu na kuinuka taratibu kama mlima, ili mgonjwa atembee na daktari aone ni wapi kifua kinaanza kubana. Waziri aliikatia utepe. Mashine ilikuwa bado imefungwa nailoni yake ya kiwandani, na ilipendeza, hivyo Wizara ikatoa maelekezo kwamba nailoni isiondolewe mpaka Mkuu wa Nchi aje kuiona ikiwa mpya. Ni desturi yetu. Makochi yetu tunayakalia na nailoni mpaka yanazeeka ndani yake, na hakuna anayelalamika isipokuwa wakati wa joto.

Mkuu wa Nchi ana mambo mengi. Mashine ikakaa ukumbini, ikang'aa, na wauguzi wakaanza kuitundikia makoti.

"Sasa nitampima mgonjwa kwa kitu gani?" akauliza Daktari Ningile.

"Muulize," Wizara ikajibu. "Ana mdomo."

Wakamtengenezea dodoso la swali moja, Habari ya kifua?, na chini yake nafasi ya jibu la neno moja, kwa ajili ya kubana matumizi.

Bi Shani aliitwa miongoni mwa wa mwanzo. Alirudi nyumbani na plasta kwenye kifundo cha mkono, amechangamka kama bibi harusi. Aliniambia taa zilikuwa kubwa, na daktari mmoja alisema "vizuri sana" mara nyingi. Alikuwa na hakika amezibuliwa. Siku ile ile alitia maji bakuli la samaki, akalisugua, akaliweka juani.

Ijumaa ilipofika alilichukua, akatoka. Nikamwona amefika kwenye duka la mkaa, si mbali na mwanzo wa kilima, amesimama kwa muda mrefu anatazama magunia. Halafu akageuka, akarudi, akaniambia amekumbuka kwamba amesahau chumvi. Samaki tulimla mimi na yeye.

*

Baada ya muda Daktari Ningile alianza kuwatembelea wagonjwa majumbani na dodoso lake. Kwetu alifika asubuhi. Gari aliliacha juu barabarani, maana kwetu magari hayashuki.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu ndani."

"Shikamoo, Bi Shani."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Njema."

"Habari ya kifua?"

"Salama tu, tunamshukuru Mungu."

Daktari akaandika: Salama. Kazi ikawa imekwisha. Akaletewa chai ya tangawizi na maandazi, wakaongea habari za bei ya nazi, na alipoinuka kuondoka Bi Shani akajitanda kanga. "Ngoja nikusindikize."

"Usijisumbue, Bi Shani, ni mlima."

"Mgeni wangu aondoke peke yake kama amefukuzwa? Twende."

Nikaenda nao, kwa kuwa jarida lilitaka habari yenye furaha. Na kweli ilikuwa furaha. Bi Shani anaujua mtaa ule kwa namna ambayo sikuitegemea. Tulipofika kwenye duka la mkaa alisimama. "Unaliona lile paa la kijani? La kina Makarani. Kijana wao yuko ng'ambo." Tukalitazama paa la Makarani kwa kitambo. Tukasogea kidogo, akasimama tena. "Na hili ua, mwanangu, hili linaitwaje vile?" Tukalitazama ua. Tukasogea. "Hebu geuka uone Bondeni ilivyo nzuri ukiwa juu." Tulikuwa hatujafika juu hata kidogo, lakini tuligeuka, tukaona.

Daktari Ningile hakuitazama Bondeni. Alikuwa anatazama mkono wa Bi Shani, ambao ulikuwa umeingia chini ya kanga na kukandamiza kifua.

"Bi Shani. Kifua?"

"Salama. Naangalia mandhari tu." Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Kwa nini hukuniambia kule ndani?"

Bi Shani akapata pumzi kwanza, ndipo akasema, "Mgeni hata hajala kitu nianze kumlilia? Umeniuliza habari, nimekujibu habari. Ndivyo tulivyolelewa."

Daktari akafungua mkoba, akatoa dodoso, akalitazama, akalirudisha. Taratibu za Wizara haziruhusu jibu kuandikwa njiani. Akatoa badala yake kichupa cha vidonge vidogo sana, akampa na kumwambia kifua kinapobana akae chini, aweke kimoja chini ya ulimi, asikimeze. Bi Shani akaweka kimoja hapo hapo, na baada ya kitambo uso wake ukarudi. Tulipofika kwenye gari nilimsikia Daktari Ningile akimwambia mtu kwenye simu kwamba nchi nzima inaugua wakati wa kusindikiza wageni. Sikulielewa, nikaliacha.

*

Matokeo yalipotoka, Wizara ilisherehekea. Waliozibuliwa walisema salama. Waliochanjwa mkono tu, ambao Wizara iliwaita waliozugwa, walisema salama. Hata marehemu mmoja alikuwa salama. Daktari alipofika kwake na kuuliza habari, ndugu walijibu, "Salama, ila mzee alitutoka," na kwa kuwa nafasi ilikuwa ya neno moja, likaandikwa lile la mwanzo.

"Hakuna tofauti!" alitangaza Waziri. "Na kama hakuna tofauti kati ya kufanya na kutofanya, Serikali sikivu itachagua lile tunaloliweza." Kuanzia siku hiyo tiba ya taifa ikawa kuzugwa. Zilianza kambi za kuzuga mikoani, na wilaya moja iliwazuga watu wote wenye umri zaidi ya miaka hamsini kabla ya chakula cha mchana. Niliandika ukurasa mzima.

Daktari Ningile alikuja tena Bondeni, safari hii bila dodoso.

"Bi Shani, sasa naruhusiwa kukwambia. Ulikuwa kwenye kundi la kuzugwa."

Bi Shani aliangalia kovu dogo la mkononi. "Na zile taa zote?"

"Taa tu. Lakini tuliwaahidi kwamba utafiti ukiisha, waliozugwa watazibuliwa, na wewe ndiye ninayekutaka wa kwanza. Mshipa wako nimeuona, unazibulika. Shida ni kwamba Wizara imewafuta kwenye orodha wote waliojibu salama. Inabidi uje dirishani hospitalini, useme kwa mdomo wako kwamba kifua kinabana."

"Nimwambie nani?"

"Karani."

"Karani ataniuliza nini?"

"Ataanza na habari za asubuhi."

"Basi nitajibu njema." Bi Shani alisema kwa huzuni, kama mtu anayekiri ulemavu. "Siwezi, mwanangu. Mtoto wa watu anakuuliza habari kwa heshima zake, unamtupia maradhi usoni? Mama yangu alikufa akisema hajambo."

Daktari akaondoka. Bi Shani hakumsindikiza, na mimi nikaona vibaya, maana haikuwa kawaida yake.

*

Siku chache baadaye ikatangazwa Siku ya Kifua Salama. Ingeadhimishwa juu ya Kilima cha Mwavuli, uani kwa Bi Mwaka, ambapo ndipo penye tambarare ya kutosha mahema. Ilitakiwa mgonjwa wa mfano, aliyepona kwa kuzugwa, apande kilima chote bega kwa bega na Waziri mbele ya kamera. Wizara iliuliza kwa Bi Shani, ikajibiwa salama, ikamchagua.

"Usiende," nilimwambia Bi Shani, kwa sababu pamoja na uandishi wangu nina macho. "Ukipanda mpaka juu, watasema umepona. Hutasikilizwa tena dirishani maisha yako yote."

"Na nisipopanda?"

Nikaanza kufungua na kufunga kalamu yangu.

"Dada yangu yuko pale juu," akasema. "Nimechoka kumtumia salamu. Nitapanda, na kama sitapona basi sitapona, lakini nitakuwa nimeshamwona." Katika kichupa kilikuwa kimebaki kidonge kimoja. Akakifunga kwenye pindo la kanga.

Siku ilipofika wakaanza kupanda, Waziri na Bi Shani mbele, bendi nyuma, mimi katikati na kalamu. Waziri alikuwa amefungiwa kipaza sauti kwenye ukosi wa koti ili maneno yake yasikike kwenye mahema kule juu. Kwenye duka la mkaa walisimama wote wawili kwa wakati mmoja.

"Hujambo, mzee wa mkaa! Wajukuu?" akasema Waziri.

"Unaliona lile paa la kijani?" akasema Bi Shani.

Bendi ikapiga nyimbo mbili nzima. Wakasogea. Waziri akawakumbatia wanawake wawili na kuwauliza habari za mvua. Bi Shani akamwonyesha Katibu Mkuu lile ua. Wakasogea. Sijawahi kuona msafara unaowapenda watu kiasi kile. Kila aliyekuwa na mlango ukingoni mwa njia alisalimiwa, aliulizwa hali yake, akaulizwa hali ya ndugu zake waliofariki.

Katikati ya kilima nyumba zinaisha. Kuna ukuta mrefu wa shule, na hakuna mtu. Waziri alifika kwenye ukuta, akasimama, akaegemea kwa mkono mmoja. Akatafuta mwananchi kulia, akatafuta kushoto.

"Hamjambo," akauambia ukuta. "Habari za... za hapa?"

Bendi ilisita. Katibu Mkuu alinitazama, nikaandika kwamba Waziri anajali miundombinu. Lakini Bi Shani hakuutazama ukuta. Alimtazama Waziri mkono ulipokuwa, na mkono ulikuwa kifuani.

"Baba," akamwambia, "kimebana?"

"Salama tu, mama." Jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Najua. Na mimi salama. Kaa chini."

"Mbele ya watu?"

"Kaa chini, kidonge hiki kinawaangusha waliosimama." Akafungua pindo la kanga. "Chini ya ulimi. Usimeze, na usiongee."

Waziri wa Afya na Fahari ya Taifa akakaa mavumbini na koti lake, akanyamaza. Bi Shani akakaa kando yake, maana na yeye alikuwa amefikia mwisho wake. Akawa anaongea polepole kumliwaza, kama alivyozoea kuwaliwaza watoto wa bweni.

"Kitaachia sasa hivi. Cha kwangu mwaka wa pili huu. Kinaniachia nikisimama, ndiyo maana naonyesha watu mapaa. Wewe unasalimia, mimi naonyesha mapaa. Nina dada yangu hapo juu, anadhani nimemnunia. Hata sijui nitamfikia vipi, maana hicho ulichonacho mdomoni kilikuwa cha mwisho."

Kipaza sauti cha Waziri kilikuwa cha gharama na kilifanya kazi yake vizuri mno. Juu kwenye mahema, mabalozi, wabunge na kwaya ya watoto walisikia kila neno. Wakasikia na kiti kikianguka nyuma yao.

Bi Mwaka alishuka kilima kile akiwa na kiatu kimoja. Mkubwa alimshukia mdogo, mchana kweupe, na watu wa mtaa mpaka leo wanalisimulia hilo kuliko habari za Waziri.

"We Shani!" Alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. "Mwaka wa pili! Kila niliyemtuma ameniletea salama. Salama, salama! Nikasema huyu kanichukia!"

"Uliniuliza kwa salamu, dada," akasema Bi Shani. "Nikakujibu kwa salamu."

Bi Mwaka akakaa chini pia. Wakashikana hapo ukutani, wazee wawili na Waziri mmoja, mpaka gari lilipoletwa kumchukua yule aliyekuwa na gari.

*

Taarifa rasmi niliiandika mimi: Waziri alisimama kwa muda kuzungumza na wananchi kuhusu uzio wa shule. Yaliyosikika kwenye vipaza sauti yalikuwa igizo la kuelimisha umma. Siku ya pili Mheshimiwa alisafiri nje ya nchi kwa mapumziko mafupi, na mahali pale ukutani pakajengwa benchi la saruji lililoitwa Benchi la Salamu. Naibu wake akalikatia utepe. Bi Shani akapewa cheti cha mwigizaji bora. Kuhusu mshipa wake, Wizara ilijibu kwamba igizo si ugonjwa.

Lakini benchi lilifaa. Kila Ijumaa Bi Mwaka alishuka nusu ya kilima, Bi Shani akapanda nusu yake kwa kuonyesha mapaa, wakala samaki pale katikati. Bi Shani aliniambia imetosha, hataki kumsumbua karani wa watu. Alisema hivyo huku akiangalia juu, kwenye ile nusu nyingine.

Ijumaa moja walikuwa benchini, na mimi nilikuwa nao, nimekaribishwa mkia. Waziri alikuwa amerudi kutoka mapumzikoni na alikuja kukagua uzio wa shule. Tulimwona akitokea chini. Alipita kwenye duka la mkaa bila kugeuza shingo. Aliwapita wale wanawake wawili waliokuwa wameshanyoosha mikono. Alitufikia, akatupita, koti linapepea, Katibu Mkuu na bendi wakihema nyuma yake, akaupanda ukingo wa juu na kupotea. Hakumsalimia hata mtu mmoja, na ukuta pia hakuusalimia.

Nilisikitika. Nilimwambia Bi Shani kwamba cheo kimembadilisha Mheshimiwa, hapendi tena watu.

Bi Shani hakunisikia. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani.

"Dada," akasema. "Kumbe kuzibuliwa kunafanya kazi."

*

Jumatatu alikwenda hospitalini. Hakuwa peke yake. Bi Mwaka alikuwa ameshika mkono mmoja, na nyuma yao walikuja waliozugwa wote wa Kilima cha Mwavuli, ambao nao walikuwa wamemwona Waziri akipita. Nilikwenda kwa ajili ya jarida.

Karani wa dirishani ni kijana mstaarabu. Aliinua kichwa, akatabasamu. "Shikamoo, bibi. Habari za asubuhi?"

Bi Shani akafungua kinywa. Neno lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno, maisha yake yote yalikuwa nyuma ya neno lile yakilisukuma. Bi Mwaka akamfinya mkono.

"Mbaya," akasema Bi Shani.

Karani alidhani hakusikia. "Habari za asubuhi, bibi?"

"Mbaya, mwanangu. Nisamehe. Mbaya sana."

Kijana akaweka kalamu chini. Akamtazama aliyefuata, akauliza habari kwa sauti ndogo, akajibiwa mbaya. Akamuuliza wa tatu. Mwishowe akafunga dirisha, akakimbia kumwita mkubwa wake, na mkubwa alipotoka na kusema "Habari zenu," ukumbi mzima ukamjibu kwa pamoja. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mlinzi alivua kofia.

Daktari Ningile alitokea ndani akikimbia. Aliwatazama watu, akaitazama mashine ya kutembelea na makoti yake. Akayatupa makoti sakafuni, akashika nailoni kwa mikono miwili, akaichana. Ilitoa mlio mkubwa, na mwakilishi wa Wizara, ambaye alikuwa amefika kuzuia, akafumba macho kama mtu anayeona kuku wake akichinjwa.

Bi Shani akavua kandambili, akapanda. Mkanda ukazunguka. Ukainuka kidogo, na kidogo tena. Hakukuwa na paa la kuonyesha wala ua. Akatembea akitazama mbele mpaka aliposema, "Hapa," na mkono ukaenda kifuani, mbele ya watu, bila kanga ya kuuficha.

Daktari akasimamisha mashine. "Habari ya kifua, Bi Shani?"

"Kinabana, mwanangu. Kinabana."

Na watu wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga, kisha nikakumbuka kazi yangu nikaacha, kisha nikapiga tena.

*

Nimeombwa nimalizie kwa maoni ya Wizara. Wizara imeunda tume kuchunguza madhara ya kuzibuliwa mishipa, kwa sababu imeonekana kwamba waliotibiwa wanapoteza adabu. Mtaani kwetu malalamiko ni mengi. Muuza mkaa anasema mwanzo alikuwa anaulizwa habari mpaka za babu zake makaburini, sasa watu wanampita kama gogo. Kina Makarani wanasema hakuna anayelitazama tena paa lao.

Na anayelalamikiwa kuliko wote ni mwenye nyumba wangu. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye Benchi la Salamu, benchi lote langu, maana siku hizi halina watu. Nikamwona anakuja na bakuli kwenye kitambaa, anapanda katikati ya njia, kanga inapepea. Nikasimama kwa heshima zote.

"Shikamoo, Bi Shani! Habari za —"

"Marahaba!" Sauti ilitoka juu, alikuwa ameshanipita. "Samaki anapoa!"